Mwaka wa duka la mtandaoni huanzia Mfunguo Mosi

Ujumbe uliingia asubuhi ya sikukuu ya tatu. Ulitoka kwa mama mmoja wa Chake Chake, Pemba, aliyeniagizia kanzu mbili na kofia zake kwa ajili ya wajukuu. "Mwanangu, mzigo nimeupata, Mungu akubariki. Lakini sikukuu ndiyo hiyo inamalizika, watoto wamevaa za mwaka jana." Hakudai pesa zake, wala hakugomba. Niliurudia ule ujumbe mara nyingi kuliko lawama yoyote niliyowahi kuandikiwa, kwa sababu nilijua kosa halikuwa la meli wala la kijana wa bodaboda. Tangazo langu la kwanza la kanzu nililiweka mwezi kumi na mbili Ramadhani, yaani siku ya kumi na mbili ya mfungo. Mpango wangu wa mwaka nilikuwa nimeuchukua mzima mzima mtandaoni: robo nne, miezi mitatu mitatu, na Ramadhani imewekewa kisanduku kimoja sawasawa na Siku ya Wapendanao.

Tangu hapo sipangi tena masoko ya duka kuanzia Januari. Nayapanga kuanzia Mfunguo Mosi, mwezi unaoifuata Ramadhani, na nataka kueleza kwa nini, maana naona ndugu zangu wengi wa Unguja na Pemba wanaouza nguo, udi, viungo na mikoba ya ukili kwenye simu wanapoteza pesa pale pale nilipopoteza mimi.

Shida ni kwamba hapa kwetu kalenda si moja. Ziko tatu na zinakwenda pamoja, kila moja kwa mwendo wake. Iko ya mwezi mwandamo, inayoleta Ramadhani, Idi mbili na Maulidi. Iko ya jua, yenye kusi na kaskazi, masika na vuli, karafuu, skuli na watalii. Na iko ya mshahara, inayozunguka kila mwezi na ambayo watu hawaihesabu kuwa ni kalenda, ingawa ndiyo inayoamua kama mteja atasema "nitumie namba ya kulipia" au "nitakutafuta, inshaallah". Kupanga mwaka wa masoko ni kuziweka hizi tatu juu ya karatasi moja na kuangalia zinakutana wapi.

Nianze na mwezi. Mwaka wa Hijria una siku 354, na baadhi ya miaka 355, kwa hiyo sikukuu zetu hurudi nyuma kila mwaka kwa siku kumi au kumi na moja ukizilinganisha na kalenda ya ukutani. Idi ya 2025 ilikuwa mwisho kabisa wa Machi. Ya 2026 ilikuwa karibu na tarehe 20 Machi. Ya 2027 inatarajiwa baina ya tarehe 9 na 10 Machi, na ya 2028 itakuwa imeshaingia Februari, tarehe 26 au 27. Ukifika mwaka 2030 Ramadhani zitaingia mbili ndani ya mwaka mmoja wa kizungu, moja Januari na nyengine mwishoni mwa Disemba. Aliyeandika kwenye daftari lake kwamba "mwezi wa tatu ni wa Idi" atapatia miaka miwili mitatu, kisha atajikuta anatangaza nguo za sikukuu kwa watu ambao sikukuu wameshaila.

Kiswahili kina hesabu yake ya miezi hii. Hatuanzii Muharram. Tunaanza pale funga inapofunguka: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu wenye Idi Kubwa ndani yake, Mfunguo Sita wa Maulidi, mpaka Mfunguo Kenda, kisha Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Kwa mwenye duka sijaona mpangilio mzuri kuliko huu. Mwaka unamalizikia kileleni, kwenye mauzo makubwa kuliko yote, na unaanza siku ambayo pesa iko mkononi, rafu ziko tupu na makosa bado yanauma. Hapo ndipo mtu hukumbuka kwa usahihi ni saizi gani iliyomalizika mapema na ni wateja gani walionunua kwingine kwa sababu alichelewa kuwajibu. Ukingoja Januari, umeshasahau.

Kila mwezi una matumizi yake. Shaabani ni ya harusi na vunja jungu. Watu huharakisha kuozesha kabla ya kufunga, na anayeuza madera, doti za kanga za sare, udi na vyombo vya zawadi ana wiki nne za kazi kubwa. Ramadhani yenyewe si mwezi mmoja kwa biashara, ni makumi matatu. Kumi la mwanzo pesa inakwenda kwenye tende, tambi, unga wa ngano na nazi. Kumi la kati ni la vitambaa, na la mafundi kuanza kukataa kazi. Kumi la mwisho ni la nguo zilizokwisha kushonwa, viatu, baibui na mapazia, na ukitaka kuona kwa macho yako, pita Darajani au Mchangani baada ya tarawehe. Mfunguo Mosi harusi zinarudi. Mfunguo Sita maulidi husomwa mitaani na vijijini, na kanzu, marashi, ubani na halua hutembea tena. Idi Kubwa nayo ina soko lake, lakini kwangu mimi nguo za watoto hazijawahi kufika nusu ya Idi ndogo, kwa hiyo siipi pesa sawa.

Na saa zinabadilika. Mwaka mzima mimi huposti saa moja ya usiku, watu wakishatulia. Ramadhani saa hiyo mtu yuko kwenye futari, na baadaye msikitini. Oda zangu za Ramadhani huingia baina ya saa nne na saa saba za usiku, kwa hiyo mwezi ule wote mimi na mdogo wangu tunapokezana simu, mmoja analala mapema ili aamke wakati wa daku kujibu waliobaki.

Mshahara juu ya mwezi

Sehemu hii ndiyo niliyoichelewa kuielewa kuliko zote, nami nitakaa nayo kidogo.

Mishahara mingi hutoka siku za mwisho za mwezi wa kizungu. Idi inatembea. Kwa hiyo umbali baina ya mshahara na Idi hubadilika kila mwaka, na umbali huo ndio unaokuambia uuze vipi. Idi ya 2025 ilipokuja mwisho wa Machi, mshahara wa Machi uliwakuta watu ndani ya kumi la mwisho, pesa na haja vikakutana mlangoni. Mwaka 2026 mambo yakageuka. Mshahara wa Februari uliingia kumi la mwanzo, ukaenda jikoni. Wa Machi ukawa nyuma ya Idi, isipokuwa kwa aliyetanguliziwa na mwajiri. Mwaka kama huo ukipanga kuuza kwa pesa taslimu katika siku kumi za mwisho utaona watu wanapenda picha zako na hawanunui. Njia inayofaa ni kuanza Shaabani, kumruhusu mteja atangulize kidogo, nguo ikae kwa jina lake, amalizie kabla ya kuichukua. Watu wetu wanaujua utaratibu huo tangu zamani dukani kwa Mhindi na kwa fundi cherehani. Tulioingia mtandaoni ndio tuliousahau.

Sasa tazama 2027. Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kumi la mwisho litaingia tarehe 27 au 28, na siku hizo hizo ndizo za mshahara wa Februari. Mwaka huo pesa itatoka kwa pamoja ndani ya siku kumi hivi. Hiyo ni neema, na ni hatari pia, kwa sababu duka dogo halianguki kwa kukosa wateja peke yake. Huanguka kwa kupata oda themanini katika siku ambayo lina mtu mmoja wa kufunga mizigo. Mpango wa 2027 kwa hiyo uwe wa maandalizi zaidi kuliko wa kelele: mzigo uwe umeshafika, bei ziwe zimeshaandikwa, wasaidizi wawili wawe wameshapatikana.

Na 2028 itakuwa ngumu. Ramadhani itaanza mwisho wa Januari, mshahara wa Disemba umeshakwenda kwenye sare, madaftari na michango ya skuli, wa Januari utaingia na mwandamo, na wa Februari huenda ukafika siku mbili kabla ya Idi au ukaikosa. Anayesoma hili sasa ana muda wa kujipanga.

Si kila mteja anakula mshahara, bila shaka. Mfanyakazi wa hoteli ya Nungwi au Paje hupata bakhshishi nzuri Julai mpaka Septemba na tena Disemba mpaka Februari, kisha masika yakiingia wengine hurudishwa nyumbani mpaka wageni warudi. Pemba kuna pesa ya karafuu. Wachumaji hulipwa kwa pishi, karafuu kavu zinauzwa kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na msimu ukiwa mzuri wilaya nzima unaiona imechangamka, ujenzi unaanza na harusi zilizokuwa zinangoja zinafanyika. Lakini mkarafuu una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata, kwa hiyo usiuweke kwenye mpango kwa kukisia. Mimi nina wateja wawili Wete na mmoja Mkoani ninaowapigia simu kila Julai kuwauliza mikarafuu inasemaje. Dakika tano za simu zimeniokolea pesa nyingi za matangazo.

Kusi, masika na skuli

Kalenda ya jua nitaipitia haraka, maana wengi wanaijua kwa ngozi zao. Masika, baina ya Machi na Mei, watalii wanapungua na mizigo inalowa. Juni mpaka Agosti kusi linavuma, bahari inachafuka, na mzigo wa Pemba uliouahidi kwa siku mbili waweza kuchukua nne. Andika hivyo hivyo kwenye tangazo. Mteja anasamehe siku nne alizoambiwa, hasamehi siku tatu alizoahidiwa mbili. Januari ni ya skuli na ya Mapinduzi tarehe 12, na mzazi wa watoto watatu hana jicho la kuangalia manukato. Julai kuna Mwaka Kogwa wa Makunduchi, na anayeuza kanga ajue kwamba wanawake hutokea na kanga mpya.

Huo Mwaka Kogwa ndio ulionipa njia ya kugawa mpango wangu. Wakulima na manahodha wa pwani hii walikuwa wakihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya inayoadhimishwa kwa huo Mwaka Kogwa, kwa makumi: siku kumi ni mwongo mmoja, mwaka ni miongo 36 na siku tano juu yake. Kwa hesabu hiyo walijua lini kupanda na lini kung'oa nanga. Nikaona kwamba mwezi wa siku 30 ni mrefu mno kwa duka dogo, na wiki ni fupi mno. Ukipanga kwa wiki unatumia nusu ya wiki kupanga. Siku kumi zinatosha kufanya jambo moja likamalizika. Na Ramadhani yenyewe tayari tunaihesabu kwa makumi. Kwa hiyo daftari langu la mwaka lina miongo, na kila mwongo umeandikiwa kazi moja tu kubwa.

Kisha nahesabu kurudi nyuma. Chukua Idi ya 2027, tuseme tarehe 10 Machi. Kumi la mwisho, kuanzia Februari 28, nauza kilichopo mkononi tu. Sipokei oda ya kushona. Oda za Pemba nazifunga Machi 4, za Unguja Machi 8 saa sita mchana. Kumi la kabla yake, Februari 18 mpaka 27, ndilo la matangazo ya kulipia, ili mtu awe ameshaiona kanzu mara tatu nne kabla pesa haijaingia. Kumi la mwanzo, Februari 8 mpaka 17, nawaandikia wateja wa zamani na kuuliza vimo: mtoto wa mwaka jana aliyevaa saizi ya miaka minne sasa ana mitano. Miongo miwili kabla ya hapo ni ya picha na majaribio. Nyuma zaidi, Disemba na Januari, fundi anashona. Ili fundi ashone Disemba, kitambaa kitoke Kariakoo ya Dar au popote ninapokichukua na kivuke bahari Novemba. Tangazo la Machi, kwa maneno mengine, linaanzia Novemba dukani kwa muuza vitambaa. Mwaka ule wa kanzu za Chake, kitambaa kilipokewa bandarini mwezi ishirini Ramadhani, nami nilikuwa nimeshapokea pesa za watu.

Pesa ya matangazo

Watu wengi hugawa bajeti ya mwaka kwa kumi na mbili. Tuseme duka linauza shilingi milioni 36 kwa mwaka na mwenyewe ameamua asilimia 10 iende kwenye masoko, yaani 3,600,000. Mgawo wa sawa ni 300,000 kila mwezi, na ndiyo namna ya uhakika ya kuwa mdogo wakati watu wananunua na kusumbua wakati hawanunui. Mimi ningeweka 1,500,000 kwa Shaabani na Ramadhani, 500,000 kwa Idi Kubwa, 400,000 kwa Mfunguo Sita, 400,000 kwa wageni wa mwisho wa mwaka, 300,000 kwa picha nzuri zitakazotumika mwaka mzima, na 500,000 nisiziguse. Hizo za mwisho ni za lisilotarajiwa: karafuu zikizaa sana, au harusi kubwa ikataka sare mia kwa pamoja. Tarakimu hizi ni mfano wa duka la nguo. Anayeuza sabuni za mwani na viungo kwa wageni atazigeuza, yeye msimu wake ni wa ndege.

Kabla ya kulipia tangazo lolote, kaa na bidhaa moja na uihesabu mpaka senti ya mwisho. Kanzu yangu ya mtoto naiuza 28,000. Kitambaa na fundi ni 17,000. Mfuko na bodaboda 2,500. Makato ya pesa za simu nayaweka 500. Nimebakiwa na 8,000. Nikitumia 100,000 kutangaza na zikaja oda 20, kila oda imenigharimu 5,000, na faida yangu ni 3,000 kwa kanzu. Ni ndogo lakini ni halali yangu. Sasa kumi la mwisho naona jirani ameweka ofa ya asilimia 10, nami kwa wasiwasi naweka ofa hiyo hiyo. Asilimia 10 ya 28,000 ni 2,800. Nimebaki na shilingi 200 kwa kanzu niliyoilalia macho. Nilifanya hivyo mwaka mzima mmoja na nikawa najiuliza kwa nini nauza sana na pesa haionekani.

Ndiyo maana nasema ofa iwekwe kwenye mpango mapema, kwa sababu iliyo wazi, kwa bidhaa inayohimili. Ofa yenye maana ni ile inayomleta mtu Shaabani badala ya mwezi ishirini na saba, kwa sababu anayelipa mapema anakupa mtaji wa kitambaa. Kupunguza bei siku ambazo watu wanapigania saizi iliyobaki ni kutoa sadaka bila nia. Hata ile Ijumaa ya punguzo ya Novemba, ambayo Marekani hufuata sikukuu yao ya Shukurani, haina mzizi kwa mteja wa Kwahani au Machomane. Kama wateja wako wako London, itumie. Kama wako Mfenesini, tafuta siku inayowahusu wao.

Na juu ya gharama za matangazo kwenye Instagram na Facebook, ni vizuri kufahamu kwamba nafasi huuzwa kwa mnada. Wakiwa wengi wanaotaka kuonekana na watu wale wale, bei hupanda. Novemba na Disemba makampuni makubwa ya dunia humwaga pesa, na hapa kwetu kumi la mwisho kila mwenye duka anakumbuka kutangaza. Aliyejaribu picha zake mapema anaingia mnadani akijua ipi inaleta watu. Tangazo jipya pia huhitaji muda wa kujifunza: maelekezo ya Meta, kampuni yenye mitandao hiyo, yanataja matokeo kama 50 ndani ya siku saba ndipo mfumo utulie. Duka dogo halipati manunuzi 50 kwa wiki mwanzoni, kwa hiyo mimi huliambia tangazo linitafutie watu wa kuandika ujumbe wa WhatsApp, jambo ambalo kwetu ndipo biashara inapofanyika hata hivyo. Mteja wa hapa hanunui kwa kubonyeza. Anauliza kwanza "iko saizi?", kisha "mwisho kiasi gani?", kisha anakuuliza wewe ni wa wapi.

Miezi ya kimya

Mfunguo Pili, Mfunguo Nne na Tano, Mfunguo Saba mpaka Kenda. Hii ndiyo miezi inayoonekana mitupu kwenye daftari, na ndiyo inayojenga duka. Usiijaze ofa. Ijaze kazi ambazo matunda yake huja polepole.

Moja ni orodha ya wateja. Orodha ya kutumia ujumbe kwa pamoja kwenye WhatsApp hupokea watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Wengi hawalijui hili. Wanatuma kwa watu mia mbili na wanaopokea ni arobaini tu, kisha wanasema wateja wamewatupa. Kwa hiyo kila mzigo wangu unatoka na kikaratasi chenye namba na ombi la kuihifadhi, na kwa anayekubali tu naandika jina, mtaa, umri wa watoto na alichonunua. Miezi ya kimya ndiyo ya kumuuliza kanzu imekaaje baada ya kufuliwa. Mama wa Chake Chake nilimpigia mwenyewe Mfunguo Pili ule, nikamrudishia pesa za kanzu moja, na nikamuomba anipe vimo vya wajukuu kwa mwaka unaokuja. Alinipa, na akanipa na namba za dada zake wawili.

Ya pili ni ukurasa wa kudumu kwenye tovuti. Kama duka lako lina tovuti, tengeneza ukurasa mmoja wa nguo za Idi na uuache pale pale mwaka mzima, anwani ile ile, ukibadilisha picha na bei tu. Google huweza kuchukua siku au wiki kadhaa kuukubali ukurasa mpya. Anayeufungua Ramadhani na kuufuta Mfunguo Mosi anaanza mwanzo kila mwaka. Andika kwa maneno ambayo watu huandika wanapotafuta: kanzu za watoto, baibui za sikukuu, kofia za mkono, udi wa harusi.

Ya tatu ni kuuliza kila anayenunua, "umetuona wapi?" na kuandika jibu. Nilikuwa naamini wateja wangu wanatoka Instagram. Miezi sita ya kuuliza ikanionesha kwamba wengi waliletwa na mtu: shangazi, jirani, grupu la akina mama wa skuli. Kuanzia hapo sehemu ya pesa niliyokuwa nikiilipia picha imegeuka kuwa doti ya kanga kwa kila aliyeniletea wateja watano.

Na kama unauza nje, miezi hii ndiyo ya kupanga zawadi za Disemba. Mgeni aliyenunua mkoba wa ukili Stone Town mwezi Agosti ni rahisi kuuziwa tena kuliko mgeni mpya, alimradi ulichukua barua pepe yake kwa ridhaa. Mwandikie mwisho wa Oktoba, kwa sababu kifurushi cha posta kwenda Ulaya kinahitaji wiki kadhaa, na viungo vina masharti yake ya mipakani ambayo lazima uyaulizie kabla ya kupokea pesa.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna mpango wa kuazima utakaokufundisha, nalo ni usiku wa mwezi ishirini na tisa. Hatujui kama kesho ni sikukuu au ni funga ya thelathini. Miaka ya nyuma nilikuwa naacha tangazo la kulipia likiendelea na neno "Idi Mubarak, karibuni" limeshapangwa kujituma lenyewe saa mbili usiku. Mwaka mmoja likajituma mwezi haujaonekana, nami nikawa nawapongeza waliokuwa wanajiandaa kula daku. Sasa adhana ya magharibi ikilia mwezi ishirini na tisa, nazima kila kilicholipiwa. Nina ujumbe mbili kwenye daftari. Mmoja unasema mwezi umeandama, sikukuu njema, duka limefungwa mpaka sikukuu ya nne. Mwengine unasema: kesho tunafunga, tumebakiwa na kanzu kumi na moja, saizi hizi, tupo mpaka saa sita usiku.